Mapokezi ya Mtu Mmoja

Nchi hii msijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ramani yake ilichorwa zamani na kwa rangi za kupendeza, ila iko mezani kwa mkubwa fulani ikisubiri sahihi. Mpaka itakaposainiwa, milima yake, mito yake na watu wake hawapo rasmi. Watu wenyewe hawajali. Wanaoana, wanazaa, wanalipa kodi. Ila hawapo.

Katika nchi hiyo iliamuliwa kwamba wilaya ya Kiwambo inahitaji ambulensi ya pili, kwa kuwa ile moja iliyopo imechoka. Hakuna aliyepinga. Gari lingeweza kununuliwa tu, kama mtu anavyonunua kitanda, lakini kitu cha kununuliwa tu hakina hotuba. Basi Wizara ya Hisani ikaandaa Msafara Mkuu wa Baiskeli wa Hiari, kutoka mji wa Bomani hadi Kiwambo, ili kuchangisha. Kila ofisi ya umma ikaamriwa kutoa mtu mmoja wa hiari. Ofisi itakayokosa mtu wa hiari itachukuliwa hatua kali.

Idara ya Maji ya Bomani ina njia yake ya kupata watu wa hiari. Kikao kinaitishwa, na yule anayetoka kwenda chooni ndiye anayechaguliwa kwa kauli moja. Siku hiyo hakuna aliyetoka. Watu walibana miguu, wakakunja nyuso, wakatazama dari. Mkuu wa idara naye alitulia kama mvuvi anayejua kwamba samaki lazima atakuja juu kuvuta pumzi. Ndipo mhudumu wa masijala, Bi. Sikudhani, akanyoosha mkono.

"Nitakwenda mimi."

"Nenda, mama, usijitese. Choo kiko wazi."

"Siendi chooni. Nakwenda Kiwambo."

Mkuu wa idara alivua miwani.

"Umeombwa na nani, Bi. Sikudhani?"

"Sijaombwa."

"Umetishwa?"

"Nitishwe na nani?"

"Basi kuna kitu nyuma yake," akasema mkuu wa idara, na wote wakaafiki kwamba mtu hawezi kujitolea hivi hivi bila ya kuwa na lake.

Ni kweli, kulikuwa na kitu nyuma yake. Kitu hicho kiliitwa Hidaya, mwanawe wa pekee, mwalimu wa shule ya msingi huko Kiwambo. Alikuwa na mimba ya kwanza na imefika mwezi wake. Mumewe Hidaya alikuwa amehamishiwa mpakani kuhesabu magari yasiyopita. Barua ya Hidaya ya kuomba likizo ya uzazi ilikuwa makao makuu, ikisubiri wataalamu wathibitishe kwamba mimba ipo. Bi. Sikudhani alikuwa amemwambia mwanawe kwa simu, "Nitakuwepo." Halikuwa neno la kutamba. Mama yake mwenyewe hakuwepo siku alipomzaa Hidaya, na ile siku haijawahi kumtoka.

Lakini mabasi yote ya kwenda Kiwambo yalikuwa yamechukuliwa kubeba washangiliaji, na barabara ilikuwa imefungwa kwa ajili ya msafara. Wiki hiyo njia halali ya kufika Kiwambo ilikuwa moja tu: kuwa mtu wa hiari.

Akarudi nyumbani kuipaka mafuta baiskeli ya marehemu mumewe. Nyumba hiyo ilikuwa na sauti mbili: redio, na bomba linalovuja. Bomba hilo, ingawa mwenyewe ni mtu wa Idara ya Maji, liko kwenye foleni tangu kabla ya msiba.

*

Sasa kuhusu hali ya hewa. Wataalamu wa nchi hiyo ni hodari na huijua mvua ikiwa bado mbali. Hata hivyo hawawezi kuitangaza kienyeji. Utabiri hupelekwa juu kuidhinishwa, na ukirejea chini ukiwa na mihuri yake, mvua yenyewe imeshanyesha ikaondoka. Kwa msafara huu, hali iliyoidhinishwa ilikuwa "jua la wastani lenye matumaini."

Asubuhi ya safari, wingu zito lilikuwa limelala juu ya uwanja wa Bomani kama ng'ombe mwenye mimba. Bi. Sikudhani alifika na koti lake la mvua mabegani, na kwenye keria bunda la nguo za mtoto. Bwana Kipengele, Afisa Itifaki, akamsimamisha. Alikuwa mtu mwembamba mwenye mwavuli mkononi, na mwavuli huo ulifungwa kwa kifungo.

"Mama, hilo koti linasema nini kuhusu Serikali?"

"Linasema sitaki kulowa."

"Linasema huliamini jua. Livue."

"Na wewe huo mwavuli?"

"Huu ni wa cheo," akasema Bwana Kipengele. "Haufunguliwi."

Koti likabaki uwanjani. Kila mwendeshaji akapewa bango la nailoni lenye uso wa Mheshimiwa Waziri wa Hisani akitabasamu, alifunge kifuani. Bi. Sikudhani alilipapasa lile bango, akaona ni nailoni nzuri isiyopitisha maji, akafungia nguo za mtoto. Bwana Kipengele alirudi mbio.

"Mama! Umemgeuza Mheshimiwa uso ndani!"

"Asilowe."

Bwana Kipengele alifikiri sana. Hakupata kosa. Akaenda zake.

Mheshimiwa alitarajiwa alfajiri. Alifika jua la utosi, yaani lile jua la wastani, nyuma ya wingu. Alihutubia. Alisema baiskeli ni mguu wa taifa, na taifa lisilo na miguu haliwezi kukaa. Alisema yeye mwenyewe atapiga pedali bega kwa bega na wanyonge. Kisha akapanda baiskeli iliyoshikwa na vijana huku na huku, akapiga pedali mara mbili, picha zikapigwa, akashuka, akaingia kwenye gari jeusi. Baiskeli yake ikapewa gari la peke yake.

Nchi hiyo ina sheria nyingi zilizoandikwa ambazo hakuna azifuataye, na moja isiyoandikwa ambayo hakuna aivunjaye: mgeni rasmi hapitwi. Akienda polepole, nchi inakwenda polepole. Na siku hiyo alikwenda polepole mno, kwa sababu ya mapokezi. Kila penye nyumba kadhaa, wanawake waliovaa kanga walijitokeza mbele ya gari wakipiga vigelegele, na hapo msafara wote husimama. Mapokezi hayazuiwi. Mgeni hushuka, hupewa mkono, kisha wanaompokea huteremka kusalimia gari moja moja mpaka la mwisho, maana kuruka gari ni kumtukana aliyemo.

Gari la mwisho kabisa lilikuwa ambulensi ya Kiwambo. Iliitwa ije kuwasindikiza waendeshaji, asije mtu akaumia akielekea kuichangia ambulensi. Ubavuni ilikuwa na maandishi makubwa: MAMA MJAMZITO HAWEZI KUSUBIRI.

*

Walilala Njiapanda, mji wa katikati wenye hospitali na nyumba ya wageni. Asubuhi mvua ilishuka. Haikuanza kwa manyunyu. Ilimwagwa kama maji ya kuoshea vyombo. Waendeshaji wa hiari walipakiwa kwenye malori pamoja na baiskeli zao. Wangeshushwa karibu na Kiwambo, wapakwe vumbi, waingie kwa kishindo. Mheshimiwa alichungulia dirishani, akasema ataondoka jua la wastani litakapoanza.

Bi. Sikudhani hakupanda lori. Alimpigia simu mwanawe. Ikaita mara nyingi kabla Hidaya hajapokea.

"Mama, umefika wapi?"

"Njiapanda. Umeanza?"

"Tangu jana." Akavuta pumzi. "Mama, njoo."

Akasukuma baiskeli hadi getini. Bwana Kipengele alikuwa amesimama pale, maji yakimchuruzika kutoka kwenye masikio, mwavuli umefungwa mkononi.

"Huwezi kupita, mama. Mgeni rasmi akisimama, barabara imesimama."

"Barabara?"

"Barabara."

"Basi nitapita shambani."

Akainyanyua baiskeli akaivusha mtaro, akaanza kuisukuma kando kando ya lami katikati ya mahindi ya watu. Bwana Kipengele alimfuata kwa macho. Itifaki haikuwa na neno lolote kuhusu mahindi. Alipopotea machoni mwa geti, Bi. Sikudhani alirudi barabarani, akapanda, akaondoka.

*

Mtu aliyepanda baiskeli peke yake kwenye mvua hana wa kuongea naye isipokuwa mnyororo. Mnyororo nao ulikuwa na lake: kila mzunguko ulitoa mlio kama mtu anayetaka kusema jambo akaahirisha. Bi. Sikudhani alikuwa mtu wa kusema wazi, hapendi mambo ya kuahirisha. Lakini siku hiyo aliusikiliza. Alifikiri jinsi alivyokuwa akimbeba Hidaya kwenye keria hii hii kwenda kliniki, mtoto kamkumbatia kiuno, akiuliza kila kitu kina nini ndani. Mlima una nini ndani? Mawe. Wingu lina nini ndani? Maji. Wewe una nini ndani, mama? Njaa.

Sasa hakuna aliyemuuliza ana nini ndani.

Halafu akaona watu. Vijiji vyote vya upande ule vilikuwa vimepangwa pande mbili za barabara, wazee kwa akina mama, kila mmoja na kibendera kilicholowa na kugandamana na kijiti chake. Walipangwa tangu mapambazuko. Alipotokea, nyuso zikageuka. Akatarajia hata mtu mmoja amwite, "Kaza, mama!" Hakuna aliyefungua mdomo. Waliambiwa kushangilia kutafunguliwa rasmi na mgeni rasmi, na atakayepunga mkono kabla yake atakuwa amefungua yeye.

Basi akapita katikati ya umati mkubwa kuliko wowote aliowahi kuuona, na hakuna aliyemsalimia. Ungeweza kusikia matairi. Afadhali mahindi, mahindi hayakutazami.

Mahali fulani kwenye kilima alishuka kusukuma. Mwanamke wa makamo aliyevaa kanga ya zambarau alikuwa amesimama mstarini, macho mbele kama askari. Mkono wake mmoja ulishika kibendera. Mwingine ulitokea nyuma ya mgongo, kimyakimya, na ndani yake kulikuwa na kiazi kitamu cha moto kilichofungwa kwenye jani la mgomba.

"Ahsante, dada," alisema Bi. Sikudhani.

Mwanamke akaurudisha mkono nyuma ya mgongo, macho bado mbele.

*

Kiwambo ilikuwa imepambwa. Mahema meupe, viti vitupu mfululizo, kochi jekundu la mgeni rasmi limefunikwa turubai, na utepe umekatiza barabara. Mgambo mmoja alikuwa akiulinda.

"Hairuhusiwi kuuvuka. Bado haujakatwa."

Bi. Sikudhani akainama akapita chini yake na baiskeli yake.

"Sikuona mtu," mgambo akajiambia kwa sauti, akageukia upande mwingine. Alikuwa mtu mwema.

Hidaya alikuwa zahanati, juu ya kitanda cha chuma, midomo imekauka. Alipomwona mama yake alishika kitambaa cha gauni lake lililolowa na kukisokota mkononi. Nesi Veneranda alimvuta Bi. Sikudhani pembeni.

"Mtoto amekaa vibaya, mama. Hapa sina uwezo. Huyu ni wa kupasuliwa, hospitali ya Njiapanda, na ni sasa hivi."

"Ambulensi iko wapi?"

"Ambulensi imekwenda kutafuta ambulensi."

"Mpigie dereva."

"Nimempigia mpaka simu imechemka. Yuko nyuma ya msafara, anasema hawezi kumpita mgeni rasmi." Nesi alifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Na mimi nimepangwa kumkabidhi shada la maua. Nikikosekana, zahanati itafungwa kwa uzembe."

Bi. Sikudhani hakutukana, ingawa matusi alikuwa nayo ya kutosha. Alishusha bunda la nguo, akakunja godoro dogo akalifunga kwenye keria. Wakamkalisha Hidaya juu yake, miguu upande mmoja. Kisha Bi. Sikudhani akachukua kanga mbili, akazipitisha nyuma ya mgongo wa mwanawe na kuja kuzifunga kifuani kwake mwenyewe, fundo la mbeleko. Mara ya mwisho kufunga fundo hilo mtoto alikuwa hajaota meno.

"Mama, nitakuangusha."

"Utaniangushaje? Shika kiuno. Uliza maswali kama zamani."

Lakini Hidaya hakuuliza. Aliegemeza paji la uso mgongoni kwa mama yake, na kila uchungu ulipokuja Bi. Sikudhani aliusikia ukipita kwenye mbavu zake mwenyewe.

Akarudi kwa njia ile ile aliyojia. Mistari ilikuwa bado imesimama. Watu walimwona akirudi na mzigo wake, wakaelewa, na hakuna aliyetoka mstarini. Ila vibendera, kimoja baada ya kingine, vilishuka chini.

*

Walikutana na msafara juu ya daraja. Mvua ilikuwa bado inanyesha, lakini redio ilikuwa imetangaza kwamba jua limeanza, basi Mheshimiwa akaondoka. Mbele ya gari jeusi alitembea Bwana Kipengele. Akapanua mikono yote miwili, mwavuli ukiwemo.

"Simama! Mnakwenda kinyume cha msafara! Hakuna kupita!"

Nyuma yake barabara yote ilijaa magari na malori. Na mwisho kabisa, mbali, ilionekana rangi nyeupe ya ambulensi.

Bi. Sikudhani alisimama, mguu mmoja chini. Pumzi ilikuwa imemwisha. Mgongoni Hidaya alitoa mlio ambao haukuwa wa binadamu anayetaka kusikika.

"Baba," akasema Bi. Sikudhani, "mimi simpiti mgeni. Nampokea."

"Unampokea?"

"Natoka mbele, yeye anatoka nyuma. Nimevaa kanga. Mimi ni mapokezi."

Mtu anayetoka mbele, mwanamke, mwenye kanga. Bwana Kipengele akatafuta kasoro. "Mapokezi huwa na vigelegele," akasema, kwa sauti ndogo.

Basi Bi. Sikudhani akapiga kigelegele. Alikipiga peke yake katikati ya daraja, kichwa juu, mvua ikimwingia mdomoni, mwanawe akilia mgongoni. Hakuna aliyemwitikia. Kigelegele cha mtu mmoja ni kitu cha upweke sana; kinakwenda juu halafu kinatazama huku na huku hakioni wenzake. Akakipiga cha pili.

Msafara ukasimama. Mapokezi hayazuiwi.

Mheshimiwa akashuka, mtu akimshikia kiti cha kukanyagia, akampa Bi. Sikudhani mkono. Kamera zikawaka. "Nimeguswa," alisema Mheshimiwa. "Na huyu nyuma ni nani?"

"Naye anakupokea, mheshimiwa. Amezidiwa."

"Furaha bwana," alisema Mheshimiwa, akarudi garini.

Kisha Bi. Sikudhani akateremka na mstari wa magari kama desturi inavyotaka, akiisukuma baiskeli kwa miguu bila kushuka, akisalimia. "Karibuni. Karibuni. Karibuni." Hakuruka hata gari moja. Wakubwa waliteremsha vioo nusu na kumpa ncha za vidole. Kila "karibuni" aliitoa kwa meno yaliyokazwa. Mpaka akafika kwenye ambulensi.

Dereva Chilumba alishuka mbio kumsaidia, kisha akakumbuka. "Lakini mama, nimeamriwa nikae nyuma ya msafara."

"Geuza gari. Ukigeuza ukaondoka, utakuwa bado nyuma yake, tena sana."

Chilumba alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Wakafungua mlango wa nyuma. Ndani mlikuwa na kreti za soda za wageni na kiti cha akiba cha Mheshimiwa, cha mbao nzito, kimefungwa kwa minyororo na kupigwa muhuri wa lakiri. Kreti Bi. Sikudhani alizishusha mwenyewe, akazipanga matopeni. Kiti hakikutoka. Mbele, pembeni ya dereva, palijaa spika za muziki zilizopigwa parafujo. Baada ya kiti palibaki nafasi ya mtu mmoja aliyelala.

"Mama, usiniache," alisema Hidaya.

"Nakuja nyuma yako. Niko hapo hapo nyuma."

Mlango ukafungwa. Ambulensi ikageuka, ikaondoka kwa kasi ambayo haikuwahi kuruhusiwa. Msafara nao ukaondoka kwenda Kiwambo kukata utepe. Bi. Sikudhani akabaki barabarani na baiskeli, kreti za soda, na kanga mbili zilizokuwa bado na joto la mtu. Akajifunga zote mbili, akapanda.

*

"Umelowa," alisema bawabu wa hospitali.

"Nimelowa. Mwanangu yuko ndani."

"Umelowa na nini?"

"Na mvua."

Bawabu alimtazama kwa huruma. "Mama yangu, leo ni jua la wastani. Mtu mkavu namruhusu. Mgonjwa namruhusu. Mtu aliyelowa bila sababu nimwingize kwa kifungu gani? Ngoja ukauke."

Akangoja akauke, nje, mvua ikimnyeshea. Baadaye nesi mmoja alimwonea imani, akamwita kwenye dirisha la wodi ya wazazi. Kupitia kioo alionyeshwa kitu chekundu, kilichokunja uso kama mkuu wa idara. Nesi alionyesha kidole kitandani nyuma, akakiinua juu: Hidaya ni mzima. Bi. Sikudhani akaweka kiganja kwenye kioo. Kioo kikaingia ukungu, hakuona tena kitu.

Alisema angekuwepo. Alikuwepo, upande wa pili wa kioo.

*

Kesho yake gazeti lilitoka na picha kubwa: mwanamke darajani, uso juu, maji yakimtiririka. Chini waliandika, "Machozi ya furaha." Taarifa ya Wizara ilisema waendeshaji wote wa hiari walifika Kiwambo kwa nguvu zao, isipokuwa mmoja wa Idara ya Maji, aliyetoroka. Ilisema pia mchango ulipatikana mzuri, ila gharama za msafara ziliuzidi kidogo. Ili kuziba pengo, ambulensi ya Kiwambo itauzwa.

Nesi alisema mtoto hana nguo. Bunda lilikuwa limesahaulika zahanati, ndani ya tabasamu la Mheshimiwa. Basi Bi. Sikudhani akapanda tena baiskeli. Siku hiyo jua lilikuwa kali, anga haina hata uzi wa wingu. Idhini ya mvua ilikuwa imerudi, redio ikaitangaza, na mjini Njiapanda watumishi wote wa umma walitembea chini ya miavuli iliyofunguliwa. Bwana Kipengele alikuwa miongoni mwao, mkavu kabisa, mwenye furaha.

Nje ya mji alivikuta vile vijiji bado vimepangwa pande mbili za barabara. Waliambiwa wasubiri wamshangilie mgeni rasmi akirudi. Mgeni alikuwa amerudi kwa helikopta. Hakuna aliyekuja kuwaambia.

Akapita katikati yao, matairi yakisikika, mpaka kwenye kilima. Pale akashuka, mbele ya yule mwanamke wa kanga ya zambarau.

"Nendeni nyumbani," alisema Bi. Sikudhani. "Hakuna anayekuja."

Watu wakatazamana. Nani amemtuma? Ana cheo gani? Hakuna aliyesogea. Yule mwanamke alikaza macho mbele, kibendera juu. Halafu midomo yake ikatikisika.

"Kajifungua?"

"Kajifungua."

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

Mwanamke alishusha kibendera, akakichomeka ardhini, akajifunga kanga vizuri. Akatoka mstarini, akaenda kutazama kama mvua ilikuwa imeharibu mihogo yake.